Krimu ya uso iliyoandikwa na daktari isibadilishwe dukani

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Arusha. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua huwa mnafupisha ila hii naomba mniache niseme mpaka mwisho maana inanihusu mimi mwenyewe usoni kabisa na inahusu wateja wangu. Mi nina saluni huku Sakina, kazi yangu ni nywele, lakini mwanamke akishakaa kwenye kiti haongelei nywele tu, anaongelea mume, watoto, vikoba na uso wake.

Kwenye ukurasa wenu wa afya na urembo juzi juzi hapa kuna msomaji wa Himo aliuliza, uso wake unawaka utafikiri kapakwa pilipili, mashavu na pua vinavimba, vipele vinatoka vinaondoka vinarudi, na yeye si msichana, ameshapita miaka thelathini. Mkamjibu ni chunusi za ukubwani, ajifukize uso kwa maji ya moto na mwarobaini, na akiona vinazidi anunue tyubu ya kupaka duka lolote la dawa. Halafu kwa chini mkaongeza kwamba hiyo rosasea aliyoitaja, ule ugonjwa sugu wa ngozi unaofanya uso uwake na kutoa vipele, ni ugonjwa wa wazungu kwa hiyo asijitie hofu bure.

Mhariri hapo mmempoteza yule dada, na mmempoteza mara tatu kwenye jibu moja.

Rosasea inawapata wazungu wengi zaidi, hilo sibishi, na picha karibu zote utakazoonyeshwa ni za mashavu mekundu ya watu weupe. Lakini sisi pia tunaipata. Ila kwa ngozi nyeusi ule wekundu haujitokezi, unakuta uso umekolea tu rangi, kahawia ya giza au zambarau kwa mbali, ukiugusa una joto, unachoma, unakuwa mkavu una magamba magamba, unatoa vipele vigumu na vikipona vinakuachia madoa meusi yanayokaa miezi. Sasa mtu asiyezoea anatafuta wekundu hauoni, anaandika chunusi, mwingine anaandika aleji, mgonjwa anazunguka miaka na miaka anabadilishiwa sabuni tu. Gazeti nalo likija kusema huo ni wa wazungu basi ndo kabisa, hata aliyekuwa na wazo la kwenda kliniki analiacha.

Kitu kimoja nilichoelezwa kliniki nikakielewa haraka kwa sababu ya kazi yangu: chunusi za kawaida zina vile vichwa vyeusi na vyeupe vilivyoziba vitundu vya ngozi, vile tunavyovikamua kwenye feshio. Rosasea haina hivyo. Utaona vipele, utaona hata vyenye usaha, lakini vile vichwa huvioni, na inapenda katikati ya uso, mashavu, pua, kidevu, paji. Na chunusi zinaanza ujanani, hii mara nyingi inakuja mtu kashakuwa mtu mzima. Simaanishi mtu ajipime mwenyewe kwenye kioo, nitalirudia hilo, nasema tu aliyejibu swali kwenye gazeti lenu alipewa dalili zote mkononi akazipita.

Na kufukiza! Joto ni moja ya vitu vinavyoiwasha rosasea, pamoja na jua, upepo, chai ya moto, pilipili, pombe, mawazo, na vipodozi vikali. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aweke uso juu ya sufuria ya maji yanayochemka unamwongezea alichokuja kukulalamikia. Mimi stima ya uso ninayo pale saluni, hela yake naipenda kama mtu mwingine yeyote, lakini mteja akikaa akaniambia dada uso wangu huwa unawaka simuwekei stima wala simsugui na skrabu, akinuna anune.

Mimi kwangu ilianza na kuwaka tu. Nikimtoa mteja kwenye draya, nikinywa chai ya rangi ya moto, nikitoka kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba nikaingia ndani kwenye joto la pasi za nywele, uso unapanda moto mpaka masikioni. Vipele vikafuata. Mwenye saluni mwenye uso wa vipele mnajua wenyewe, mteja anakuangalia kwenye kioo anajiuliza haya mafuta ninayotaka kupakwa si ndo anayopaka yeye? Shoga yangu mmoja ndo akanisukuma nikapanda coaster nikaenda Moshi.

Na hapa niseme kitu, watu wa kaskazini tuna bahati tusiyoijua. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wenyewe wanakiita RDTC, kipo tangu 1992, madaktari na matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea pale. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kujifunza ngozi hapo Moshi, sisi wa Arusha kilomita 80 hivi tunaona mbali, tunamuuliza muuza losheni.

Dokta aliyeniona hakuanza na dawa. Aliniuliza, mama, usoni unapaka nini, nitajie kila kitu, usinifiche hata cha kuazima. Akaangalia ngozi kwa kioo, akaniuliza kama viungo vinauma, kama nachoka bila sababu, kama nywele zinakatika, kama macho yanawasha kama yana mchanga. Baadaye ndo nikaelewa kwa nini. Kuna ugonjwa wa lupusi nao unaleta mabaka kwenye mashavu na kwenye pua, na ni ugonjwa wa ndani, unashika figo, unashika viungo, na unawapata sana wanawake weusi. Huwezi kuutofautisha na rosasea kwa kusoma safu ya urembo, na tyubu ya dukani inaweza kuufunika kwa muda huku ndani unaendelea. Macho nayo kumbe rosasea inaingia mpaka huko, kope zinavimba, jicho linakuwa kavu, ikiachwa sana inaweza kudhuru kioo cha jicho. Sasa niambieni hayo yote muuza duka atayaona wapi akiwa nyuma ya kaunta na foleni iko nje.

Nikaandikiwa metronidazoli ya kupaka, ya asilimia 0.75, asubuhi na usiku, kidogo sana, uso mzima sehemu zinazosumbua na sio kipele kimoja kimoja. Nikaambiwa mapema kabisa usitegemee muujiza wiki ya kwanza, hesabu wiki 8 mpaka 12 ndo utaona sawasawa, na ugonjwa huu hauponi moja kwa moja, unatulizwa. Wengi wetu metronidazoli tunaijua kama Flagyl, vidonge vya tumbo, mtu akisikia anapaka dawa ya amiba usoni anacheka. Lakini kwa rosasea imetumika tangu miaka ya themanini kule Marekani, kinachofanya kazi zaidi ni kule kutuliza uvimbe kwenye ngozi. Na tafadhali, msisage vidonge mkachanganya na mafuta ya mgando, nimeshaona mteja kafanya hivyo, uso ulikuwa na michirizi ya unga wa dawa na ngozi imechubuka. Krimu inatengenezwa kwa kiwango ili dawa iyeyuke na iingie, kidonge ulichokiponda kwa kijiko hakiendi popote.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike hii barua.

Nikarudi Arusha na cheti changu. Duka moja wakaniambia haipo. Kwingine kijana akakisoma cheti akaenda ndani akaja na jeli ya metronidazoli kweli, kuangalia boksi ni ya fizi, imechanganywa na dawa ya kusukutulia mdomo. Namwambia kaka hii ni ya meno, ananijibu dada si metronidazoli hiyo hiyo, dawa ni ileile. Nikatoka. Kwingine tena, duka kubwa tu lina watu wengi, dada wa pale hakutafuta hata, akanivutia tyubu iliyokuwa pale pale kwenye kaunta karibu na pipi akasema hiyo ya kwako haipo mjini, chukua hii, inamaliza kila kitu, fangasi, bakteria, vipele, aleji, wateja wangu wote wanarudi kuinunua. Nikaigeuza nikasoma. Dawa tatu ndani ya tyubu moja, ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali. Wakati huo kliniki nilikuwa nimeshaambiwa usiguse usoni kitu chochote chenye steroidi, kwa hiyo nikamrudishia. Akanishangaa, akasema we dada unapenda kusumbuka.

Na pale kwenye kusema wateja wote wanarudi kuinunua alikuwa anasema ukweli, wanarudi kweli, na sababu yake ni hii.

Steroidi ukiipaka usoni inabana ile mishipa midogo ya damu na inazima uvimbe. Ndani ya siku chache uso umetulia, vipele vimenywea, rangi imefunguka, mtu anaona amepata dawa, anampigia dada yake aliye Babati anunue na yeye. Anaendelea. Ngozi inaanza kuwa nyembamba, inang'aa, mishipa inaanza kuonekana kama nyuzi, vipele vidogo vidogo vinajipanga kuzunguka mdomo na macho. Akiacha siku mbili tatu mishipa inafunguka kwa nguvu, uso unawaka kuliko ulivyokuwa kabla hajaanza, vipele vinakuja kwa fujo. Anakimbia dukani kununua tyubu nyingine. Inatuliza. Anaacha, inalipuka. Madaktari wa ngozi wana jina kabisa la hali hiyo, rosasea ya steroidi, na inaweza kumpata hata mtu ambaye mwanzoni hakuwa na rosasea, alikuwa na chunusi mbili tu au alitaka kutakata. Nao wakiikuta kazi inakuwa ngumu maana inabidi wakuondoe kwenye ile tyubu na miezi ya mwanzo unaonekana vibaya zaidi, mgonjwa anadhani dokta ndo kamharibu.

Hapo ndipo saluni yangu inapoingia. Nyuso za namna hiyo ninazikuta kila mara, na mwenye nao anakwambia mi sipaki mkorogo, na anaamini anachosema, maana anayouziwa imewekwa kwenye boksi safi la dawa, ina jina la kiwanda na tarehe ya kuisha. Lakini ndani ni klobetasoli, ambayo iko kwenye kundi la juu kabisa la ukali kati ya steroidi za kupaka, imetengenezwa kwa ajili ya magonjwa kama soriasisi kwenye viwiko na magoti, kwa muda mfupi, na maelekezo yake yenyewe yanasema isipakwe usoni. Wanawake wanaipaka asubuhi na jioni. Na wale wanaochanganya mkorogo wenyewe hizo tyubu ndo wanazitumbukiza kwenye losheni.

Kwa msomaji ambaye hawezi Kingereza cha kwenye boksi, geuza upande wenye herufi ndogo palipoandikwa vilivyomo. Ukiona neno linaishia na "sone" kama betamethasone au dexamethasone, au neno lolote lenye "clobetasol", hiyo ni steroidi, usiiweke usoni mpaka daktari aliyekuangalia uso wako akuambie uiweke. Na kama umeshaipaka kwa miezi au miaka usisome barua yangu ukaitupa leo leo ukabaki na uso unaolipuka ukaogopa, nenda kliniki nayo mkononi wakuondoe taratibu.

Najua wenye maduka watasema tunafanya nini, mteja ndo anataka. Mimi pia nina biashara, naelewa. Ila kuna tofauti kati ya mteja aliyekuja kuomba tyubu na mteja aliyekuja na karatasi ya daktari. Mwenye karatasi ameshapimwa, ameshaulizwa, ameshaambiwa asipake nini. Ukimbadilishia halafu ukamwambia ni ileile umefuta kazi yote iliyofanyika Moshi na nauli yake juu. Kama haipo sema haipo, au mpigie daktari, namba huwa iko kwenye cheti, au mwandikie pembeni jina la duka linaloweza kuwa nayo. Mimi ya kwangu niliipata mwishowe kwa mfamasia mmoja ambaye alinieleza wazi, sina, ila nitaagiza, subiri. Nikasubiri. Hakuniuzia kitu chochote siku ile na ndo yeye ninayerudi kwake mpaka leo.

Wahusika nao wapo. Baraza la Famasi ndilo linalosimamia maduka na wanaouza. Dawa zenyewe ni za TMDA, mamlaka ya dawa, na tangu 2019 vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, sasa mimi naona tyubu hizi za steroidi zimejificha kwenye huo mpaka, zinakaa kwenye rafu ya losheni duka la vipodozi ambako hazitakiwi kuwepo kabisa maana ni dawa, na anayekuja kukagua losheni anaweza akazipita. Kama nakosea wanisahihishe hapa hapa gazetini nitafurahi. Ila wapite mitaa ya sokoni Kilombero mchana kweupe, hawahitaji kutegesha mtu.

Niwaambie na hizo krimu nyingine zinazoandikwa, maana watu wananiuliza na mdogo wangu ambaye ni nesi amenisomea mengi mpaka nimechoka.

Kuna asidi ya azelaiki. Hii mimi naipigia debe kuliko zote kwa watu wa rangi yetu, ni jeli ya asilimia 15 na pia ipo krimu ya asilimia 20, inapunguza vipele na hapo hapo inafifisha yale madoa meusi yanayobaki, ambayo ukweli ndo yanatutoa machozi sisi kuliko vipele vyenyewe. Ni asidi ambayo hata kwenye ngano na shayiri ipo. Mwanzoni inachonyota, inawasha, wiki za kwanza watu wengi wanaiacha wakidhani imewakataa, lakini mara nyingi mchonyoto unapungua ngozi ikizoea. Ukiungua kweli kweli, sio kuchonyota, ukavimba, hapo acha urudi kwa dokta. Na madaktari huwa hawaiogopi sana kwa mama mjamzito, tofauti na vile vidonge vya doksisaiklini wanavyoongeza pale vipele vikizidi, hivyo mjamzito hapewi, kwa hiyo dada kama una mimba au unaitafuta sema mapema usione aibu.

Halafu ivamektini. Hii ni hadithi. Ni ile ile dawa inayogawiwa kwa ajili ya usubi na matende, waliohusika kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel 2015. Kwa rosasea ni krimu ya asilimia 1, mara moja tu kwa siku, Marekani waliipitisha 2014. Inafanya kazi kwa sababu kwenye vitundu vya ngozi ya uso kila mtu mzima anaishi na vijidudu vidogo sana vya jamii ya utitiri, havionekani kwa macho, na wenye rosasea mara nyingi wanakuwa navyo vingi kupita kiasi. Sio uchafu, msianze kujisugua na sabuni ya kufulia. Kuna utafiti wa wagonjwa zaidi ya 900, nusu walipaka ivamektini nusu metronidazoli kwa wiki 16, vipele vilipungua kwa asilimia 83 kwa waliopaka ivamektini na karibu 74 kwa wenzao. Kwa hiyo ivamektini imeshinda, ila angalieni na huyo aliyeshindwa ameshindwa kwa kiasi gani, mwenye metronidazoli yake asijione kapewa dawa ya maskini.

Sasa kwa kuwa huku kwetu ni kwa wafugaji, nilijua tu swali litakuja na lilikuja. Mteja wangu mmoja wa Ngaramtoni akaniambia kwani dada si ndo ile tunayowachoma ng'ombe, ipo duka la mifugo bei chee, na chupa imeandikwa asilimia 1 vilevile! Ni kweli namba inafanana. Lakini ile imeyeyushwa kwenye vimiminika vya kwenda chini ya ngozi ya ng'ombe, haikutengenezwa kwa mashavu ya mtu wala kukaa karibu na macho. Nikamwambia hiyo mwachie ng'ombe. Akacheka, sijui kama alinisikia.

Ya mwisho inaitwa brimonidini, jeli, inabana mishipa wekundu unashuka kwa saa mpaka 12 hivi, kesho unaanza upya, na kuna watu ikiisha nguvu uso unarudi vibaya zaidi. Kwa sisi ambao wekundu wenyewe hauonekani mi sioni faida yake, ila hayo ni maoni yangu ya saluni.

Jua. Hapa watu wa Arusha wananichosha, wanasema huku kuna baridi, kuna mawingu ya Meru, sunscreen ni ya watu wa Dar. Mji wetu uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na tuko karibu na mstari wa ikweta, kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya jua inayochoma ngozi inaongezeka kwa kama asilimia 10, na mawingu hayaizuii yote. Hewa ni baridi lakini jua ni kali. Krimu ya dawa bila kinga ya jua ni kuchota maji na kumwaga. Nilipewa ushauri nitafute yenye SPF 30 kwenda juu, na zenye zinki oksaidi ndo hazichomi uso wenye rosasea, tatizo zinatuacha weupe weupe, mimi nachagua zile zenye rangi kidogo za kahawia. Pale KCMC wanatengeneza ya kwao, Kilisun, ila ile ni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, wao ni suala la saratani, tusiende kuwabana pale. Sisi kofia pana na kanga vinasaidia sana, bei yake tunaijua.

Na kuna hili la pombe. Nyumbani kwetu Machame kuna mzee alinenepa pua, ikawa kubwa ina mabonde mabonde, watu wakasema huyu meku, yaani mzee, anakunywa mbege usiku akijifungia, mpaka kwenye jumuiya wakamsema, na mzee wa watu hata soda ya baridi alikuwa hanywi. Rosasea inaweza kunenepesha pua, wanaume zaidi, akiwa mlevi au hanywi kabisa. Pombe inawasha uso kwa aliye nao ugonjwa, haiuleti. Ikishafikia pua imenenepa hivyo krimu haiipunguzi tena, ni kazi ya upasuaji au leza, ndo maana nasema watu waende mapema, na wanaume ndo wagumu kuliko wote kwenda kuonyesha uso.

Mhariri nakuomba mambo mawili tu. Msahihishe lile jibu, pale pale lilipotoka, kwa ukubwa uleule, sio kwenye kona. Na maswali ya ngozi mumpe daktari wa ngozi ayajibu, wapo hapo Moshi.

Na wewe dada wa Himo uliyeuliza, kama gazeti bado unanunua, uko karibu na KCMC kuliko mimi. Anzia kituo chako cha afya wakuandikie rufaa. Nenda asubuhi, usipake kitu usoni siku hiyo hata poda. Beba kila tyubu, sabuni na losheni uliyowahi kutumia hata zilizoisha, zitie kwenye mfuko wa plastiki uwamwagie mezani. Na siku uso ukiwaka piga picha na simu, dirishani kwenye mwanga, bila filta, maana ukifika kliniki utashangaa uso umetulia kabisa siku hiyo na dokta hana cha kuona. Ukiandikiwa krimu mwambie akuandikie na jina la dawa kwa herufi kubwa pamoja na asilimia yake, na uulize hapo hapo kama famasi ya hospitali wanayo kabla hujatoka getini.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa saluni, Sakina, Arusha